Kulia kwa Hadassa

Vumbi la chokaa lilimpofusha Clovis juu ya ukingo mwembamba wa machimbo nje ya Likasi, mgongo ukiegemea mwamba. Mkewe Hadassa alikuwa chini, akimtazama usoni.

"Kulia!" alipaza sauti. Mguu wa Clovis ukaelekea shimoni.

"Simama!"

Kulia kwake kulikuwa kushoto kwa mumewe. Wachimbaji nao wakapiga kelele, huyu kushoto, yule kulia, hadi Hadassa akachanganyikiwa.

"Munyamaze bote!"

Akageuka, akampa Clovis mgongo, akamtazama juu ya bega, ili pande zao zilingane.

"Clovis, weye usikie minye tu, sauti yangu. Kushoto, kidogo."

Baada ya hatua saba Clovis alifika penye njia pana. Hadassa akamkimbilia, akamfuta vumbi machoni.