Nyumba Namba Arobaini na Saba

Mtaa wetu huku Mbagala nyumba zimebanana hivi: jirani akikaanga pilipili, mie ndiye ninayekohoa. Kila aliyejenga alisogeza ukuta hatua moja mbele, mwenzake naye akasogeza, mpaka njia ikabaki ya kuku. Siku tuliyomzika Alfonsi, mwaka juzi, jeneza lilikataa kupinda kwenye kona ya Brightson, yule mwenye nyumba za kupangisha. Vijana wakalirusha juu ya ukuta, wenzao wakalipokea upande wa pili kama kabati linahamishwa. Mjane wake, Eufrazia, alilia mara mbili: kwa kufiwa na kwa aibu.

Tulibakiwa na uwanja mmoja, mbele ya mlango wangu. Hapo hufungwa turubai la misiba yote, ya kanisani na ya msikitini. Na mie kwa miaka yangu sabini na sita nilishajipangia: nitaagwa hapo, nitoke nimebebwa mabegani kwa heshima, si kwa kurukishwa ukuta. Sikuwa nimeomba kingine duniani.

Basi Jumamosi moja mwenyekiti wa mtaa akatuitisha hapohapo uwanjani. Alikuja na bwana wa mipango miji, Elibariki, kijana wa viatu vya ncha, na ramani iliyopigwa na kale kandege kasiko na rubani. Aliitandaza mezani, akaibana pembe kwa sahani zangu nne. Akasema mji unakua, sharti tujenge kwenda juu, na Brightson ameomba kibali cha ghorofa nne, familia thelathini na mbili.

Brightson akasimama kuwahurumia wasio na makazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza, ila alijitahidi. Alipoulizwa majitaka ya familia thelathini na mbili yataelekea wapi, alisema hilo ni suala la kitaalamu. Nasi wengine hatukuwa bora. Kila aliyesimama alilaani msongamano, na kila mmoja ana chumba cha uani alichokijenga juu ya mtaro.

Nikauliza ghorofa litakaa wapi. Elibariki akaweka kidole kwenye ramani, mbele ya mlango wangu.

"Huo ni uwanja, mjukuu wangu," nikamwambia. "Ndipo ulipoweka kiti chako."

Akaeleza kwa upole kwamba uwanja wa wazi haujengwi, sheria inakataza. Ila hapa si uwanja, ni nyumba namba arobaini na saba. Tangazo limebandikwa miezi mitatu, mwenye nyumba hajatokea, na aliyeomba ni Brightson peke yake. Nikamwomba anionyeshe hiyo nyumba. Aliinua macho, akautazama uwanja mtupu, akarudi kwenye karatasi.

"Kwenye mfumo ipo, bibi. Paa la buluu hili hapa."

Nikavaa miwani, nikalitazama hilo paa. Kisha nikasema, "Kitendawili."

"Tega," akajibu. Alilelewa, sikatai.

"Nyumba yangu ina paa, haina kuta. Watu huingia wakilia, hutoka wameshiba."

Akasema hospitali. Akasema stendi. Watu wakaanza kucheka, isipokuwa Eufrazia, aliyekuwa ameinamia ramani.

"Hili turubai la msiba wa mume wangu," akasema taratibu. "Na haya masufuria yetu ya pilau."

Kandege kalipita siku hiyo, kakalihesabu kuwa nyumba.

"Umeshindwa, nipe mji," nikamwambia Elibariki, maana ndiyo desturi ya vitendawili.

"Nakupa Dodoma, bibi."

"Dodoma sina mtu. Nipe huu uwanja."

Akajikuna shingo. Akasema mfumo haufuti nyumba mpaka mwenyewe aridhie kuivunja, na fomu ipo. Basi akaitwa Nurdin, mkodishaji wa maturubai, akaja na mafuta ya baiskeli mikononi. Aliulizwa nyumba ina vyumba vingapi. Kimoja, akasema, kinaingiza watu mia mbili. Elibariki akaandika: msongamano mkubwa.

"Unakubali kuivunja kwa hiari?"

"Niliivunja siku tulipoanua matanga, braza."

"Una mahali pengine pa kuijenga?"

"Jumapili naijenga Charambe. Kuna arusi."

Akatia sahihi, na dole gumba la mafuta juu yake. Nyumba namba arobaini na saba ikafutwa, pakaandikwa uwanja. Brightson aliondoka bila kuaga, akisema watu wa huku hawapendi maendeleo.

Miezi minne baadaye alifiwa na mama yake, mwanamke mwema aliyekuwa akiishi naye. Alikuja kuniomba uwanja. Nilimpa, na mikeka nikampa. Lakini siku ya mazishi, jeneza lilipofika kwenye ile kona, vijana waliliweka chini, wakamtazama. Brightson aliutazama ukuta wake, akalitazama lile sanduku, kisha akaagiza nyundo. Akaanza kubomoa mwenyewe, na suti yake nyeusi.

Jioni nilikwenda pale nikapima kwa hatua zangu. Njia imeongezeka hatua moja na nusu. Itanitosha, mie ni mwembamba.