Wino Mgongoni

Mwalimu mkuu wa shule ya binti yangu aliniandikia hotuba ya ukurasa mmoja, akaniomba niisome mbele ya kamati ya bunge siku ya Ijumaa. Serikali ilitaka kutoza kodi ada za shule binafsi, na shule ilitaka mzazi wa hali ya chini akapinge. Wazazi wenye magari walikuwepo tele, lakini nani angewaonea huruma? Wakanichagua mimi, mjane, fundi cherehani. Sikukataa. Ada ya sasa tu inanitoa kijasho, na kodi ile ikipita, binti yangu wa darasa la sita hatamaliza mwaka pale.

Mdogo wangu, mwalimu wa shule ya serikali, alikuwa upande wa pili: alitaka kodi ipite. Tulikuwa hatujasemezana wiki mbili. Aliniambia, "Dada, wamekufanya mdomo wa matajiri," nami nikamjibu kwamba yeye hana mtoto, uchungu wa mwana ataujulia wapi? Halikuwa neno la kumwambia mtu. Nilijua hivyo lilipokuwa bado linatoka, na nikaliacha litoke.

Alhamisi asubuhi aliingia kibandani kwangu na furushi. Kila muhula huniletea mashati ya wanafunzi wake wasiojiweza, niyatengeneze bure: vifungo, kola, makwapa. Tununiane tusinuniane, mashati lazima yaje.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Weka hapo."

Nikaanza kuyapekua, na hasira ikapata pa kutokea. Karibu yote yalikuwa na wino mgongoni: vistari, nukta, hata tarakimu. Miaka yote nimesugua madoa yale kwa limau huku nikiwalaani watoto wa siku hizi.

"Watoto wako hawana adabu? Wanachorana migongoni kama ukuta wa choo, na wewe mwalimu umekaa tu!"

"Hawachorani, dada. Wanaandika."

"Kwenye mashati?"

"Kwenye madaftari. Wako tisini na wawili, madawati kumi na nane. Wanaokaa sakafuni wanajipanga mistari, kila mmoja anaweka daftari mgongoni kwa mwenzake wa mbele. Karatasi ikitoboka, kalamu inafika shatini."

"Na yule wa mbele kabisa?"

"Huyo anasubiri. Wenzake wakimaliza nagonga meza, wote wanageuka nyuma, naye anapata mgongo. Kazi yangu kubwa ni kuwazuia wasicheke. Akicheka mmoja, mstari mzima unaharibu mwandiko."

Nilicheka, kisha nikalitazama tena shati nililoshika. Mzigo wa mwenzio kweli ni kanda la usufi. Miaka sita nimeshika mashati yale mikononi, na sikuwahi kuuliza. Nikamwomba radhi kwa lile neno.

"Yameisha," alisema, akavuta kigoda, akatia uzi kwenye sindano. Tulishona vifungo mpaka adhuhuri.

Ijumaa ukumbi ulifurika. Mwalimu mkuu alikaa mbele kabisa, tai imemkaba, akanipungia mkono kwa furaha. Nikaifungua karatasi yake. "Sisi wazazi wanyonge," nilisoma, na ulimi ukagoma hapo hapo. Nikaikunja.

"Waheshimiwa, ada ya binti yangu imepanda mara tatu tangu aanze, na kodi haikuwepo. Siku hizo hakuna aliyeniandikia hotuba."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu alianza kutafuta kitu mfukoni. Mimi nikaendelea, nikawaeleza habari ya watoto tisini na wawili na migongo yao, jinsi wanavyogeuka meza ikigongwa. Kicheko kikaisha.

"Tozeni," nikasema. "Lakini kila senti inunue madawati, na hesabu ibandikwe mlangoni mwa shule tuisome wenyewe. Mkizila pesa hizo, nitarudi hapa na mkasi wangu."

Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, alinikazia macho.

"Mama, kodi ikipita, binti yako ataweza kubaki shuleni kwake?"

Swali hilo nilikuwa nimelikimbia tangu jana. Nikamtafuta mdogo wangu kwa macho kati ya watu, nikamwona.

"Hapana."

"Sasa mbona unaiunga mkono?"

"Kwa sababu atahamia shuleni kwa mdogo wangu, yule pale, na hakuna mwalimu ninayemwamini kama yeye. Nataka tu akifika akute pa kukaa. Na wale wenzake wakute pa kukaa."

Mwenyekiti alimwambia karani aandike maneno yangu yote, asipunguze hata moja. Kisha akamwita msemaji aliyefuata. Alikuwa mdogo wangu. Alisimama na kurasa zake nne, akafungua kinywa, machozi yakamtangulia.

"Dada ameshasema," akasema.

Nilimpenda mno saa ile, nikasahau kabisa kwamba mwalimu mkuu alikuwa ananitazama kama mwizi. Mwenyekiti alinong'onezana na wenzake.

"Hatuamui leo," akasema. "Jumatatu saa mbili kamati nzima itakuja kuliona darasa hilo. Mwalimu, tutafutie pa kukaa."

Mdogo wangu akajifuta macho kwa kiganja.

"Mtakaa sakafuni, mheshimiwa. Yale madawati kumi na nane yana wenyewe."