Chipsi Mayai za Mama Judica

Habari zilimfikia mzee Kahangwa kabla Kokubanza hajamaliza kujifuta mafuta vidoleni. Mtu mmoja wa Kamachumu aliyekuwa stendi ya Muleba ndiye aliyempigia simu.

"Mzee, mjane wa mdogo wako amekaa kwenye benchi barabarani, anakula chipsi mayai. Na kitenge cha umoja wa wanawake wa kanisa amekivaa."

Ilikuwa kweli. Kila Jumamosi Kokubanza, ambaye wengi walimwita Mama Judica, alishuka Muleba kununua sabuni na chumvi, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la Saburi, muuza chipsi. Saburi hakuwa akimuuliza tena anataka nini. Alizitia chipsi kwenye kikaango, akazivunjia mayai, akageuza kwa sahani, akaweka kachumbari na pilipili pembeni. Vijiti vya kulia Kokubanza alivikataa tangu siku ya kwanza. Kwake kijiti kilikuwa cha kuchokolea meno. Alikula kwa vidole, taratibu, akiwatazama wapita njia usoni. Akimaliza alivuka barabara hadi kwenye duka lenye friji, akarudi na aiskrimu ya kikopo, akakaa palepale kuila.

Jumapili hiyo, ibada ilipokwisha, aliitwa nyumbani kwa Kahangwa. Alimkuta shemeji yake huyo kwenye kiti chake kikubwa, na kando yake mzee Karugendo wa ukoo. Binti yake Judica, mwalimu wa Bukoba mjini, naye alikuwa ameitwa. Benigna, mke wa Kahangwa, alipita akigawa kahawa, kisha akasimama mlangoni na sinia mkononi.

"Shemeji," Kahangwa alianza, "kibanja chako cha migomba kimekufa?"

"Hakijafa. Jana tu nimekata mkungu."

"Watoto wamekutupa?"

"Judica huyu hapa. Muulize."

"Basi unatafuta nini barabarani? Watu wanasema mjane wa Rugaibula analala na njaa! Mhaya mwenye migomba yake anakwenda kununua chakula stendi, kama mtu asiye na kwao!"

Karugendo alikohoa. "Tena mayai. Enzi za mama zetu mwanamke hakugusa yai wala kuku, na nyumba zilisimama."

Kokubanza akaweka kikombe chini. "Zilisimama juu ya migongo yao."

Alikuwa amekuja akiwa amejiambia atanyamaza, awaache waseme mpaka wachoke. Lakini neno lile la mayai lilimchoma.

"Mimi ndiye niliyeokota mayai ya kuku wa bibi yangu kule Ngenge," alisema. "Kaka zangu wakala, mimi nikaosha sufuria. Senene nilikamata mimi, nikanyonyoa mabawa mpaka vidole vikawasha, wakala wao. Nikiuliza kwa nini, naambiwa mwanamke hali, basi. Na mwaka niliopata kipaimara, shangazi yangu alinipeleka Bukoba kununua viatu. Akaninunulia aiskrimu. Sikuwa nimewahi kuiona. Niliiramba kidogo kidogo isije ikaisha. Tulipotokeza sokoni tukakutana na baba. Aliipiga kofi ikaanguka vumbini, ndipo akasema binti wa watu harambi vitu njiani. Nilisimama pale nikiitazama inayeyuka. Sisimizi waliila. Mimi sikuila."

Sinia mkononi mwa Benigna liligonga fremu ya mlango.

"Baba alikuwa mtu mwema," Kokubanza aliendelea. "Alipokufa nilimlilia mpaka sauti ikanikauka. Lakini ile aiskrimu hakunirudishia."

Judica alijikunyata kwenye kiti. "Mama, basi nikununulie friji. Aiskrimu nitakuwa naleta kutoka mjini. Viazi vipo, mayai yapo. Ule nyumbani kwa raha zako."

"Umeona?" Kahangwa alisema. "Mtoto ana akili."

"Raha zangu ziko kwenye benchi," Kokubanza alijibu. "Nyumbani nakula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na nitazila mpaka nife, kwa sababu nazipenda. Sijatukana ndizi ya mtu. Lakini chipsi mayai nitazila mbele za watu. Nikijifungia ndani ndipo nile, nitakuwa nimekubali kwamba naiba."

"Hutakwenda tena Muleba."

Kokubanza akapiga magoti, akaaga kama mwanamke anavyowaaga wakubwa wa nyumba, hakupunguza kitu. "Nitakwenda, waitu," alisema kwa neno la heshima la Kihaya, akainuka, akatoka.

Njiani, katikati ya migomba, Judica alitembea nyuma yake. "Hukuwahi kunieleza habari ya aiskrimu," alisema.

"Na wewe hukuwahi kuuliza kwa nini wewe nilikulisha mayai kila ulipougua na kila ulipopona."

Siku chache baadaye Kahangwa alipanda bodaboda mwenyewe hadi Muleba, akazungumza na Saburi. Jumamosi Kokubanza alipofika, akiwa na kitenge kilekile alichokipiga pasi asubuhi, Saburi aliinamisha kichwa kama anayetafuta kitu chini ya meza.

"Bibi, leo mafuta bado."

"Nayasikia yakichemka, Saburi."

"Mzee alikuja. Amesema nikikuuzia atanishtaki kwa wakubwa wa stendi niondolewe. Mimi ni mgeni hapa, bibi yangu."

Kokubanza hakutaka kumponza mtu. Lakini alijua pia kwamba akirudi nyumbani leo, hatashuka tena kwenye gari hapa. Akavuta benchi, akaketi.

"Kiazi ni chako, karai ni lako, tumbo ni langu. Shemeji yangu anaingia wapi hapo? Akija kukuuliza, mwambie mimi ndiye niliyekulazimisha. Niite mimi, nitamjibu."

Saburi alimtazama, akatazama barabarani, kisha akavunja yai.

Alikuwa analigeuza sauti iliposikika nyuma. "Mama Judica, sogea."

Alikuwa Benigna. Amevaa viatu vya kanisani, anahema.

"Umemwambiaje mumeo?" Kokubanza alinong'ona.

"Nimemwambia nakuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Mimi." Akaketi. "Tangu niolewe napika kuku kwenye nyumba ile. Nikionja chumvi ya mchuzi, natema. Watoto wangu wa kike nimewaacha wale, mimi nikabaki na hofu yangu. Naomba hiyo sahani."

Alichukua kipande cha yai kwa vidole viwili, kama anayeshika kaa la moto, akakitia mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu. Kokubanza alisubiri.

"Saburi," Benigna alisema, "ongeza pilipili."

Walikula mpaka sahani ikabaki nusu. Kokubanza akavuka barabara, akarudi na vikopo viwili vya aiskrimu. Benigna alijaza kijiko, akafumba macho. Mara uso wote ukakunjamana, akatema kwenye leso.

"Ni baridi kama mvua ya mawe! Na utamu unakwama kooni! Hiki ndicho ulichokililia maisha yako yote?"

Kokubanza alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Ndicho!"

"Basi kula wewe. Mimi sikitaki." Akarudia taratibu, kama anayejaribu kiatu kipya dukani. "Sikitaki."

Hapo ndipo bodaboda iliposimama mbele ya karai, na Kahangwa akashuka na bakora yake.

"Mama Privatus! Simama twende."

Miaka yote Benigna alikuwa ameshasimama kabla mumewe hajamaliza kulitamka jina hilo. Safari hii alibaki ameketi, kipande cha yai mkononi.

"Nikimaliza," alisema.

"Unasemaje?"

"Nimesema nikimaliza, waitu. Bado kidogo."

Mwendesha bodaboda mmoja akaangua kicheko. Kokubanza alimgeukia kwa ukali. "Mbona unamcheka mzee? Nani amekuita hapa?" Kisha akamwambia Saburi, "Mpe shemeji yangu kiti."

Kiti kililetwa. Kahangwa hakukikalia. Alisimama juani, midomo ameibana, huku mkewe akimaliza chipsi moja moja, akifuta sahani kwa kachumbari, akinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Waliondoka, yeye mbele na Benigna nyuma. Mzee alikaza mwendo. Benigna hakukaza wake.

Mambo hayakuishia hapo. Saburi hakushtakiwa, lakini Karugendo alizunguka akisema Mama Judica amewaharibu wake za watu. Mwenyekiti wa umoja wa wanawake alimwomba asivae kitenge cha kanisa kwenye benchi. Kokubanza alimuuliza kama Bwana Yesu alikuwa akivua nguo yake kila alipokula na watu barabarani, na mwenyekiti akasema atalifikiria.

Kahangwa hakumsalimia mpaka mvua za vuli zilipoanza. Asubuhi moja alimkuta kwenye mpaka wa vibanja vyao, akasimama.

"Umeniharibia nyumba," alisema.

"Nyumba yako ipo. Nimeiona sasa hivi, moshi unatoka."

"Sasa anataka firigisi. Firigisi! Tangu enzi za baba yangu ni ya mwenye nyumba."

"Na wewe umemjibuje?"

Kahangwa alichoma choma udongo kwa bakora. "Nimemwambia tugawane." Kisha akainua kichwa haraka. "Lakini hayo mambo yako ya kula stendi sijayakubali. Sitayakubali."

"Sikukuomba uyakubali, waitu," alisema Kokubanza. Akampisha apite kwanza, kwa kuwa alikuwa mkubwa, kisha akachukua kikapu chake, akateremka kuelekea barabarani kusubiri gari la Muleba.