Kimya cha Lujain

Kilio hakikumtisha Rudayna. Kwa miaka kumi na mmoja ya kunyoosha viungo vya watoto walioungua, masikio yake ndiyo yaliyomwongoza: mtoto akigumia, endelea, sauti ikiruka ghafla, acha. Leo mtoto hakutoa hata mguno, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Lujain, wa miaka minane, alikuwa amefunikwa uso na miwani nyeusi ya mchezo wa kompyuta. Ndani yake aliona paa la nyumba na kundi la njiwa, akawa anawaita kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, ulioungua hemani kwa jiko la mafuta ya taa, ulikuwa mikononi mwa Rudayna. Kiwiko kilitakiwa kukunjika digrii mia na ishirini ili mkono ufike mdomoni. Alhamisi daktari mpasuaji angepima. Pungufu ya hapo, kovu lingekatwa tena. Katika upasuaji uliopita moyo wa Lujain ulisimama kwa dakika nzima.

"Hesabu kila njiwa anayetua," Rudayna alimwagiza. "Ukinyamaza, naacha."

"Kumi na wawili... kumi na watatu..."

Kipimo kilisoma mia na nne, kisha mia na tisa. Jana, kwa machozi, hakuvuka tisini na nane.

"Mama, unaumia?" Umm Qusay alimuuliza Lujain, bintiye.

"Usinisemeshe, utawatimua!"

"Damu ya babake hiyo," Umm Qusay alimwambia Rudayna. "Kwetu mfuga njiwa huhesabiwa mwongo, hata kadhi hapokei ushahidi wake."

Rudayna hakucheka. Mia na kumi na tatu.

"Ishirini na..." Kimya.

"Lujain?"

Midomo haikucheza. Rudayna aliuachia mkono, akamvua miwani upesi.

"Mbona umenivua? Yule mweupe wa jirani alikuwa anashuka!"

Umm Qusay alijipiga paja. "Ee bibi wewe! Njiwa wa mtu akikaribia kutua kwako umnase, hata kupumua hupumui. Utahesabuje?"

Rudayna hakulijua hilo. Kwao hawakufuga hata kuku. Aliugeuza mkono. Nyuma ya kiwiko kovu lilikuwa limepasuka, ufa mwembamba kama unywele, na tone moja la damu.

"Hapa panauma?"

"Wapi?" aliuliza Lujain.

Rudayna alisafisha ufa, akaufunga, bila kujua ulipasuka kwenye digrii ya ngapi.

Jumatano alimvisha miwani hadi mia na kumi tu, kisha akamvua ili asikie kilio. Lujain alilia. Mia na kumi na tano. Mia na kumi na tisa. Sauti ikaruka, Rudayna akaacha.

"Andika mia na ishirini," Umm Qusay alinong'ona. "Digrii moja nani ataiona?"

"Mpasuaji hupima mwenyewe."

"Basi tufanyeje? Nikamkabidhi tena kwa wale wa dawa ya usingizi?"

Aliyejibu ni Lujain, kamasi zikimtiririka: "Mara moja tena. Lakini pole pole, wewe!"

Rudayna alikishika kiwiko, akatega sikio. Kilio kilipanda taratibu, hakikuruka. Akapima: mia na ishirini na moja. Akapima tena, na tena. Alipoiandika namba hiyo alikumbuka kwamba kovu hujikaza usiku, na kwamba mpasuaji huanza kazi saa mbili asubuhi.

"Kesho mleteni saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Tutaanza upya kabla hajafika."