Ngitili ya Marehemu Baba

Ng'ombe walikwisha fungwa nira, na plau ilikuwa imelala ukingoni mwa ngitili, malisho yetu ya kilimani ambayo kwa desturi hufungwa masika yote ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Mwanangu Boaz alitaka kuilima. Shamba la chini lilikuwa limempa magunia mawili tu, nami, kwa kuchoka kubishana, nilikuwa nimemwahidi. Nilimwomba jambo moja: amsubiri Limi.

Limi ni mjukuu wangu, afisa kilimo huko Geita, na sioni haya kusema kwamba najivunia. Mwezi uliotangulia alichukua udongo wetu akaupeleka kupimwa. Asubuhi hiyo alipanda kilima na karatasi ya majibu mkononi.

"Shikamoo Babu. Shikamoo Baba mdogo."

"Marahaba," Boaz akajibu. "Miaka minne ya chuo, karatasi moja."

"Na miaka ishirini ya plau, magunia mawili."

Nilimkanya kwa jicho. Boaz mwenyewe alicheka.

"Mboji ya ngitili ni mara tatu ya ile ya shamba la chini," Limi akasema.

"Basi tunangoja nini? Tulime penye mali."

"Haitadumu, Baba mdogo. Vilima vya huko ninakofanya kazi viko juu zaidi, vina mvua na ubaridi kidogo. Majani ni mengi na huoza taratibu, mboji ikajilimbikiza. Hapa kwetu joto ni kali, na majani yanayorudi ardhini ni haba. Ukiupindua udongo huu, kilichokusanyika miaka arobaini kitakwisha kwa misimu minne."

"Hayo ni ya vitabuni. Mbona shamba la chini lilikuwa mchanga tangu Mungu aumbe dunia? Muulize Babu yako, ndiye aliyetuambia."

Wakanigeukia wote wawili. Nimewahi kuwachapa watoto wangu kwa uongo mdogo kuliko ule.

"Si kweli," nikasema. "Lile nalo lilikuwa ngitili, ya marehemu baba yangu. Nililipiga plau kabla matanga hayajaanuliwa. Mwaka wa kwanza watu walitoka hata mbali Kolandoto kuja kutazama mtama wangu. Mwaka wa tano nilivuna mabua. Niliona haya, nikawaambia kwamba ndivyo nilivyolikuta."

Boaz alimpapasa shingo ng'ombe wa kushoto.

"Miaka yote hii, Baba, nilidhani mkono wangu ndio mbaya."

Aliifungua plau, akawafunga ng'ombe kwenye mkokoteni na kuwaelekeza zizini, kwenye lundo la samadi.

"Tutalirudishia rutuba lile la chini," akasema bila kunitazama. "Na utapakia pamoja nami."

Nina miaka sabini na minane, na mgongo wangu haunyooki vizuri. Nilichukua koleo, nikamfuata.