Vipimo vya Bibi Posta

Mama Pacha alirithi vitu viwili na mtu mmoja kutoka kwa shangazi yake: cherehani nyeusi ya kukanyaga, daftari la vipimo, na Bibi Posta. Huyo Bibi Posta alikuwa amekaa miaka thelathini kwenye dirisha la kuuzia stempu, hata watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake.

Zamani hizo Mama Pacha alikuwa binti wa kukaa sakafuni na penseli. Shangazi akitaja, “Bega kumi na tano na nusu, kifua thelathini na nane,” yeye anaandika. Kupimwa kwa shangazi hakukuwa jambo la dakika mbili. Mteja alizungushwa, akainuliwa mikono, akaulizwa habari za wifi yake, na alipotoka hapo shangazi alikuwa ameshajua upana wa kiuno chake na siri za nyumba yake. Siku hizi watu wanatuma vipimo kwa simu, pamoja na picha ya gauni lililovaliwa na mwanamke mwembamba kama ufito, halafu wanalaumu fundi. Mama Pacha alishona, akasifiwa, lakini lile gumzo la zamani alilikosa sana.

Aliyebaki kuja mwenyewe ni Bibi Posta. Kila mwanzo wa mwezi aliingia na kitambaa kwapani, akasimama mbele ya kioo na kuinua mikono kabla hajaambiwa. Alikuwa mjane, na watoto wake walikuwa wametawanyika, kila mmoja na mji wake.

Mwezi mmoja alipanda ngazi tatu za duka akishikilia ukuta, anahema. Mama Pacha akamwonea huruma. Akamwambia asijisumbue tena, vipimo vyake vipo daftarini, atume kitambaa tu naye atamtumia gauni hadi mlangoni. Bibi alikuwa ameshainua mikono. Akaishusha polepole.

“Haya, mwanangu. Asante,” akasema, akaacha kitambaa mezani.

Mchana kutwa Mama Pacha alijiona mtu mwema.

Gauni lilikwisha, akampa muuza mboga anayepita mtaa wa Bibi alifikishe. Mwezi uliofuata hakikuja kitambaa. Uliofuata tena, hakuna hata salamu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Mama Pacha akaanza kujiuliza amemkosea nini yule mama wa watu. Shangazi alikwenda bila kuagwa; huyu naye akienda na kinyongo, nani mwingine atabaki wa kuukumbuka ule wakati? Alhamisi adhuhuri akafunga duka, akaenda.

“Mgeni njoo, mwenyeji apone,” Bibi akasema mlangoni, na uso wake haukuwa na kinyongo chochote. Alikuwa amepungua. Sebule ilikuwa safi mno, viti vinne, na kimoja tu ndicho kilichobonyea.

Mama Pacha akauliza kama gauni lilimkaa. Bibi akamwelekeza kabatini. Humo magauni yalikuwa yamepangwa moja juu ya jingine, kumi na mawili, na nyuzi za kushikizia pindo bado hazijatolewa. Hata moja halikuwahi kuvaliwa. Fundi ni fundi, kwanza alikasirika. Kumbe mwaka mzima alikuwa akilishonea kabati!

“Yana kasoro gani, Bibi?”

“Hayana kasoro. Nguo ninazo hadi siku ya kufa, na zitabaki.” Bibi akakuna goti. “Tangu babu yenu atangulie, nani ananigusa mimi? Daktari anaangalia karatasi. Watoto wananiona kwenye simu. Wewe ndiye uliyekuwa ukinishika mabega.”

Mama Pacha aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akachukua gauni la juu, akamwomba Bibi asimame, akapapasa shingoni mwake mwenyewe kutafuta tepu. Alikuwa ameiacha dukani. Basi akatumia shibiri, kama shangazi alivyofanya siku tepu yake ilipokatika na duka limejaa watu. Akaanza begani, kidole gumba hapa, kidole cha mwisho kule, akiubana mkono vizuri juu ya mfupa uliokuwa mwembamba kuliko alivyoukumbuka.

Bibi akafumba macho. Akaanza kusimulia jinsi shangazi alivyokuwa akimtekenya mbavuni kwa makusudi ili acheke mbele ya wateja, na jinsi yeye Bibi alivyorudi dirishani kwake posta mchana akiwa bado anacheka, akampa mtu stempu za mwingine. Mama Pacha alipima mgongo, akapima mkono wa kushoto, kisha wa kulia, taratibu, bila kuandika popote.

“Ngapi?” Bibi akauliza.

“Nimesahau kuhesabu, Bibi. Simama vizuri, tuanze upya.”