Firigisi ya Nekoye

Kwetu Waluhya, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mgeni mwanamume. Hatubishani juu ya hilo. Jumapili iliyopita, hapa nyumbani kwangu mtaa wa West Indies, niliivunja desturi hiyo mwenyewe.

Mvua ya Machi ilikuwa imeshaanza, wakulima wa kijiji cha Ziwa wameshalima, na mbolea waliyoagiza kwangu ilikuwa ndani ya kontena bandarini Mombasa. Siku ya nne ya kungoja, dereva wangu, Wabuge, alipiga simu tena. "Mzee, mimi niko hapa gate. Wanasema lori haijafika." Nilimwita mlevi. Nikamwita na mengine. Kisha nikaenda mjini kumfokea Nekoye, binti anayenishughulikia karatasi za forodha.

Aligeuza kompyuta nione. "Mzee Shitanda, siku hizi data ya forodha, ya bandari na ya malori iko pamoja. Hii lori iko kwa karatasi yako, tracker inaonyesha iko mji wa Turbo. Haijatoka huko wiki mzima."

Turbo! Kichwa cha lori, ile sehemu ya mbele yenye injini, kilipoharibika huko, mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia Wabuge aazime kichwa cha shemeji yangu, avute trela, aendelee na safari. Huku tunaazimana vichwa vya malori kama majembe, wala hatumwandikii mtu. Bandari ilikuwa ikingoja namba ya gari lililolala kwa fundi.

"Sasa?" nikauliza, sauti imeshuka.

"Nabadilisha namba kwa system, wote wanaona at once."

Saa nane mchana siku hiyo lori la Wabuge likapakiwa. Siku ya tatu magunia yakashuka Ziwa, udongo ukiwa bado na unyevu. Mama Chelimo, mkulima wa huko, akanishika mikono yote miwili akinishukuru, mimi niliyeharibu! Niliona haya.

Ndipo nikachinja kuku, nikawaalika Wabuge na Nekoye. Wabuge nilimwomba msamaha mbele ya mke wangu, jambo nisilolizoea. Akasamehe, akasogeza sahani, akingoja firigisi yake. Nikaiweka kwenye sahani ya Nekoye.

Mke wangu akaacha kupakua mchuzi.

"Mzee, hata baba yangu hajawahi kunipa," Nekoye akasema polepole.

"Kula. Bila wewe Ziwa wangepanda bila mbolea."

Akaikata katikati, nusu akampa Wabuge. "Huyu alisema ukweli siku nne," akasema.

Mimi nilikula shingo, na nilishukuru.